Njia ya Nyuma ya Jicho

Bwenini, Tabora
17 Januari 1954

Kwa Babu yangu Masele, Isikizya,

Shikamoo Babu. Shikamoo Bibi Minza. Na wewe Katekista Dionis, unayeisoma barua hii kwa sauti, shikamoo, tena nakuomba usiruke mstari hata kama mwandiko wangu umelala.

Mimi ni mzima. Kikohozi nilichoondoka nacho huko nyumbani kimekwisha. Mvua inanyesha kila alasiri, na bweni letu linavuja upande wa kitanda changu, kwa hiyo nalala na karai miguuni. Mahindi ya kule bondeni yamefika wapi? Silasi amepona kidole? Mwambieni binamu yangu huyo kwamba shoka haliombwi msamaha.

Sasa jambo lenyewe. Wiki hii Sista Benedikta, anayetufundisha elimu ya viumbe, alileta darasani macho manne ya ng'ombe kutoka machinjioni, ndani ya bakuli la maji ya chumvi. Wasichana wawili walitoka nje. Mimi nilishika wembe nikapasua. Nyuma ya jicho kuna kamba nyeupe, unene wake kama penseli. Sista alisema ndani ya kamba hiyo mna nyuzi maelfu kwa maelfu, nyembamba kuliko unywele, na kila uzi unachukua mzigo wake wa habari kutoka jichoni kuupeleka kwenye ubongo. Kamba ikifa, jicho linabaki linatazama tu, habari haziendi. Nikakukumbuka papo hapo, kwa sababu ndivyo alivyosema daktari wa kambi ya malale: jicho lako ni zima, kilichokufa ni mshipa wa nyuma.

Babu, sikiliza. Wataalamu wa Ulaya na Amerika walimkata chura mshipa huo, chura mzima, aliyekwisha kukua. Akawa kipofu. Baada ya majuma kadhaa nyuzi zikaota tena kutoka jichoni, zikapita gizani, kila moja ikafika palepale ilipokuwa zamani, na chura akaanza kudaka nzi. Unanijua mimi, darasani sinyooshi mkono. Siku ile niliunyoosha. Niliuliza mara mbili: zinaota zenyewe? Sista akasema, zenyewe.

Kwa hiyo usikate tamaa. Nakuandikia haya nikiwa na hakika.

Lipo jambo lingine nilitaka kukueleza, la tangu zamani, lakini karatasi imekwisha.

Mjukuu wako,
Veneranda


Isikizya
11 Februari 1954

Kwa mjukuu wangu Veneranda,

Marahaba, marahaba. Bibi yako naye anaitikia, tena anasema mke mwenzake amesoma mpaka ameingia ndani ya macho ya ng'ombe, sasa atajifunza lini kusonga ugali usio na madonge. Sote wazima. Mahindi yamefika kiunoni. Kidole cha Silasi kimepona ila kucha imekwenda zake.

Barua yako ilisomwa uani Jumapili baada ya sala, watu kumi na saba wakisikiliza. Pale pa chura nilimwambia Dionis arudie, akarudia mara tatu mpaka sauti ikakauka, akaomba maji. Watoto wakakimbia bondeni, na kabla ya jua kuzama nilikuwa na chura wangu ndani ya mtungi uliovunjika shingo. Tumempa jina Bwana Shauri kwa kuwa hanyamazi. Bibi yako anasema kati ya chura na mimi mmoja atalala nje.

Wewe umesema nyuzi zinapita gizani na kufika palepale. Wengine uani walicheka. Mimi sikucheka. Baba yangu alichukua pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani mara tano, na mara moja vita viliifunga njia miaka mingi. Nyasi zikaota, vichaka vikaota, hata mtu akisimama juu ya njia yenyewe hajui. Vita vilipokwisha wakaondoka tena. Njia hawakuiona, lakini walifuata maji, leo kisima hiki, kesho kisima kile, wakatokea kambi zilezile walizozijua baba zao. Basi kwa nini uzi wa jicho usijue kambi yake?

Kwa hiyo nimeamua. Krismasi nilikubali kwamba mwaka huu mizinga yangu yote arobaini na miwili aichukue Silasi, maana mrina asali asiyeona ni wa kazi gani. Sasa nimemwambia asubiri kwanza. Tarehe kumi Juni tunakwenda porini kurina, na mtini nitapanda mwenyewe. Ikiwa macho yatakuwa yameanza, vizuri. Yasipokuwa yameanza, mikono inaijua miti ile.

Niambie chura alikaa majuma mangapi. Mimi huu ni mwaka wa nne.

Babu yako,
Masele

Mimi mwandishi, Dionis, naongeza la kwangu. Babu aliniuliza kama kweli karatasi yako ilikuwa imekwisha. Nikamwambia nusu ya ukurasa ni nyeupe. Usinilaumu, binti yangu. Mimi ni katekista, nitamwambiaje imejaa?


Bwenini, Tabora
2 Machi 1954

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo wewe na Bibi. Nimepokea barua kwa mkono wa kondakta wa basi la Nzega, imelowa pembeni lakini inasomeka. Karai halihitajiki tena, paa limezibwa. Tuna mitihani, kwa hiyo naandika kwa ufupi.

Majuma ya chura ni kama matano hadi manane, inategemea na joto.

Babu, mwaka huu mwache Silasi apande. Wewe ukae chini uwe mkuu wa kambi, uwaelekeze. Mti hauendi popote, na mizinga haiendi popote.

Katekista Dionis, samahani kwa kukusumbua. Nikikuletea barua iliyoandikwa “faragha” juu ya bahasha, naomba umsomee Babu peke yake, ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa.

Wenu,
Veneranda


Isikizya
19 Aprili 1954

Veneranda mjukuu wangu,

Marahaba. Tulingoja hiyo bahasha ya faragha Machi yote, haikuja. Bibi yako alidhani umepata mchumba. Nikamwambia mtu mwenye mchumba haandiki habari za joto la chura.

Habari za hapa: mahindi yamekauka vizuri, tunaanza kuvuna. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Bwana Shauri amenenepa.

Kuhusu faragha, jibu ni hapana. Ulikuwa hujazaliwa yalipotupata, kwa hiyo nakuambia. Baba yangu aliwahi kusomewa karatasi ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na mtu aliyevaa vizuri kabisa. Akaweka dole gumba. Kumbe aliyosomewa siyo aliyoyawekea dole, na shamba letu kubwa likaenda. Tangu siku ile karatasi inayoingia katika mji wangu inasomwa uani, mbele ya anayetaka kusikia, iwe ya serikali, iwe ya padri, iwe yako. Dionis ni mtu mwema na anajua hivyo.

Dionis hapa, ndiyo, najua.

Nimeanza mazoezi. Nyuma ya zizi kuna myombo mdogo. Nimeupanda mara nne. Mara tatu nilishuka kama mtu, mara ya nne nilishuka kama gunia, ngozi ya muundi wa mguu imebaki mtini. Bibi yako akaificha kamba. Nimesuka nyingine. Silasi hanisemeshi. Mwambie mtu kwamba utampa mizinga, kisha umwambie subiri, utaona uso wake, au mimi nitausikia.

Hujajibu nilichokuuliza. Sikuwa nauliza habari za chura tu. Unaficha nini?

Babu yako,
Masele


Bwenini, Tabora
10 Mei 1954

Babu yangu, Bibi yangu, Silasi, na wote mliokaa uani,

Shikamooni. Nimeandika neno “faragha” juu ya bahasha tatu na zote tatu nimezichoma kwenye jiko la shule. Hii haina neno lolote juu yake. Katekista Dionis, ukifika mahali unapotaka kunihurumia, soma tu.

Mimi ni mzima. Mitihani nimefaulu. Habari nyingine sina.

La kwanza. Nilisema niliuliza mara mbili kuhusu chura, na ni kweli. Sikusema kwamba niliuliza mara ya tatu. Niliuliza, “Na mtu?” Sista akajibu kwamba mtu hapana, ng'ombe hapana, sungura hapana, mnyama yeyote anayenyonyesha hapana, akishakua. Uzi ukikatika unajaribu kidogo kuota, unatambaa kidogo, halafu unasimama. Hajaonekana hata mmoja aliyerudi kuona. Nililijua hilo nilipokuwa nakuandikia, lilikuwa kwenye daftari, ukurasa uleule. Nikakuandikia nusu. Nilitaka barua ya furaha isomwe mbele ya watu, waseme imetoka kwa Veneranda. Mimi nisiyesema lolote mbele ya watu nilitaka mara moja nisikike, nikasikika kwa jambo la nusu.

Basi Babu, usipande. Si mwezi ujao, si mwaka ujao. Nakuomba kwa heshima yote, mbele ya wote wanaosikia, ili usiweze kusema hukusikia.

La pili ni la kambi ya malale, mwaka wa hamsini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na ndiyo kwanza nimeanza Kiingereza. Mnakumbuka dresa, yule msaidizi wa daktari aliyekuwa akitafsiri, aliugua, na daktari mgeni hakujua Kiswahili wala Kinyamwezi, wakasema mtoto huyu anasoma kwa masista, ataweza. Kila Jumatatu kabla ya sindano daktari alikuwa akiuliza hali ya macho. Lilikuwa ndilo swali lake kubwa, kwa sababu dawa ile iliponya malale lakini kwa watu wengine ilikula mshipa wa macho, na mtu akianza kuona vitu vinametameta, sindano zinasimamishwa.

Jumatatu ya sita alikuuliza. Wewe ulisema kwa Kinyamwezi, na nayakumbuka yote: kuna kitu kinacheza mbele yako kama joto juu ya shamba lililochomwa moto, na pembeni pameanza giza, kama mtu anayechungulia ndani ya mzinga. Daktari akanigeukia mimi. Sindano ilikuwa tayari mkononi mwake. Sikujua kusema kumetameta kwa Kiingereza. Ningeweza kuonyesha kwa vidole. Ningeweza kumwambia angoje nikamwite Sista. Niliona haya, Babu. Haya tu, hakuna kingine. Nikasema macho mazuri. Akakuchoma sindano, na Jumatatu iliyofuata akakuchoma tena, na wewe hukusema tena kitu, na mimi sikusema. Kabla ya Krismasi ukawa huoni.

Hilo ndilo lililokuwa kwenye nusu nyeupe ya ukurasa.

La tatu. Wiki iliyopita nilisimama darasani, mbele ya wasichana ishirini na wanne, nikauliza kwa mdomo wangu: kama uzi wa mnyama unaanza kuota halafu unasimama, nini kinausimamisha? Sista akasema atatafuta. Siku ya pili akaja na kitabu kikubwa chenye ukungu. Kinasema zaidi ya miaka arobaini iliyopita mtaalamu mmoja wa Hispania alichukua kipande cha mshipa wa mguu wa sungura, akakipandikiza nyuma ya jicho, pale mshipa wa jicho ulipokatwa. Nyuzi za jicho zikaingia ndani ya kile kipande. Chache, wala sungura hakuona, lakini ziliingia. Mshipa wa mguu ukikatwa unaota, hilo kila daktari analijua. Kwa hiyo nyuzi za jicho si dhaifu. Nyuzi za jicho zinaweza kutembea. Njia yao ndiyo mbaya. Ni wale wapagazi wa baba yako, miguu mizima, mizigo begani, lakini mbele hakuna kisima hata kimoja. Chura ana visima njia nzima. Sisi visima vyetu vimefukiwa, na hakuna ajuaye ni nini kilichovifukia.

Nikasema mbele ya darasa kwamba hilo ndilo nitakalolisomea. Wakacheka. Sikukaa chini. Sista alisema itachukua miaka mingi, huenda kuliko ya kwangu yote, na kwa macho yako wewe itakuwa imechelewa. Nakuandikia sentensi yake nzima, sijapunguza. Lakini hakusema haiwezekani, na mimi naamini inawezekana. Safari hii naamini nikiwa nimesoma ukurasa mpaka chini.

Kama hamtaki nije likizo, nitaelewa. Nitabaki hapa bwenini.

Veneranda


Isikizya
3 Juni 1954

Veneranda,

Barua yako imechelewa sana. Basi la Nzega liliharibika, na kondakta alikaa nayo mfukoni siku kumi na nane, kisha akaileta imekunjwa kama tumbaku. Sisi wazima. Mavuno yameingia ghalani. Ndama amepewa jina Aprili.

Ilisomwa uani, Jumapili. Dionis alifika pale pa macho mazuri akaomba aruke. Nikamwambia soma, hapa mstari haurukwi. Akasoma. Bibi yako aliinuka akaenda jikoni, nikasikia sufuria zinapigana. Kisha akarudi, akaketi, akasema, “Endeleeni, na mimi nasikia.” Baada ya kusoma watu hawakuondoka. Hata watoto.

Jumatatu Dionis alikuja na kalamu nikamrudisha. Jumanne nikamrudisha. Nilikuwa na hasira na sikutaka iandikwe. Leo ni Alhamisi, nimeita watu tena, nasema wakisikia.

Siku ile kambini nilikuwepo, mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Nilisema maneno mengi, marefu, ya joto na shamba na mzinga, na wewe ukatoa mawili. Mimi ni mtoto wa mpagazi. Mzigo ukipungua njiani najua hata bila kuufungua. Ningeweza kukuvuta nguo nikasema, rudia, hukumaliza. Ningeweza kumshika daktari mkono na kugusa macho yangu, hata Mzungu angeelewa.

Mkeka wa pili kutoka wangu alilala Twalibu, yule fundi cherehani wa Mtendeni aliyekuwa akitutania sote kwamba tunanuka moshi wa nyuki. Yeye alisema kweli kuhusu macho yake. Wakamsimamishia sindano. Macho yake yakabaki, naye akaanza kusinzia na uji mdomoni, na kabla ya mvua akalala asiamke, macho mazima kabisa. Mimi nilikuwa nimeyaona hayo. Nilipoyasikia maneno yako mawili, moyo wangu ulishukuru. Nilitaka sindano zote. Jumatatu iliyofuata niliulizwa tena, nikanyamaza kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilichagua kuvuta pumzi.

Kisha nikakuacha wewe, mtoto, ulichukue hilo miaka minne, na mimi nikijua. Hiyo ndiyo nusu yangu ya ukurasa, na haikuwa na Dionis wa kunifichua.

Sasa hasira yangu ni ya nini? Ni ya chura. Kambini ulikuwa na miaka kumi na miwili. Januari hukuwa mtoto. Ulinikatia maneno mara ya pili, na safari hii ulikuwa unajua kusema. Kwa ajili ya hilo nimepanda mti mara kumi na moja na kumnyima Silasi usingizi. Nimelisema, limekwisha, sitalirudia, lakini nimetaka ulisikie kama ulivyotaka mimi nisikie lako.

Sitapanda. Kamba nimempa Silasi. Mizinga arobaini na mmoja ni yake kuanzia leo, watu wote wamesikia. Alinisemesha kwa mara ya kwanza tangu Februari, akasema, “Na chura?” Chura tumemrudisha bondeni. Silasi alitaka nimtolee hotuba ya kumuaga. Nikamwambia huyu hakukosa kitu, yeye nyuzi zake zinaota.

Mzinga wa arobaini na mbili uko juu ya mninga, kando ya njia ya zamani ya misafara, pale ambapo baba yangu aliwahi kutua mzigo. Huo ni wako. Bibi yako amesema mwanamke hajapata kuwa na mzinga. Nikamwambia na kipofu hajapata kuongoza kambi ya asali, mwaka huu tutaona yote mawili. Akasema basi naye anakuja kupika, asiachwe peke yake na jirani wanaouliza maswali.

Habari za visima nimezisikia, na nimezipenda kuliko habari za chura. Kisima kilichofukiwa kinafukuliwa na mtu anayejua kwamba pale palikuwa na maji. Wewe unajua. Endelea, na wakicheka usikae chini. Sikuulizi itakuwa lini.

Safari tumeiahirisha mpaka shule zifunge, nyuki wamekubali. Kwa hiyo likizo unakuja, na kazi unayo. Silasi atakuwa juu mtini na moshi wake. Wewe utasimama karibu yangu, na mimi nitakuuliza unaona nini. Utaniambia kila kitu, masega, rangi yake, nyuki wanakwenda upande gani, tawi lipi limeoza, Silasi ameweka mguu wapi, na kama anataka kuanguka utasema anataka kuanguka. Usilolijua jina lake, nionyeshe kwa vidole kwenye kiganja changu. Kisha nitakuuliza mara ya pili.

Na usije ukaniambia karatasi imekwisha.

Babu yako,
Masele